Ripoti ya Access inayotoa karatasi tupu na kutenganisha majina ya wanachama na miamala yao: anza na upana, siyo fonti

Mkuu, nimelisoma swali lako. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ana kanzidata ya SACCOS (chama cha kuweka na kukopa) huko Arusha, imetengenezwa kwa Microsoft Access, programu ya kutunza na kuchapa kumbukumbu. Ripoti ya taarifa za wanachama kwenye laptop yake inaonekana safi, lakini printa ya ofisini inatoa karatasi moja yenye maandishi kisha moja tupu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jina la mwanachama linabaki peke yake chini ya ukurasa, miamala yake inahamia ukurasa unaofuata. Na juu ya hayo, jumla ya akiba kwa baadhi ya watu haioani na leja. Mkutano mkuu unakaribia na rimu zinaisha.

Kazi hizi nazifanya huku Moshi, zaidi kwa SACCOS na vyama vya msingi vya kahawa, na shule kidogo. Una matatizo matatu na kila moja lina chanzo chake, ndiyo maana kupunguza fonti, kama wengine wanavyoshauri, hakutakusaidia. Fonti hata ukiifanya saizi 6, upana wa ripoti hausogei. Upana unashikwa na sehemu zenyewe za ripoti, hata kama hazina herufi ndani.

Tuanze na karatasi tupu. Hii ni hesabu ya kujumlisha tu: upana wa ripoti, jumlisha pambizo ya kushoto, jumlisha pambizo ya kulia. Jibu likizidi upana wa karatasi hata kwa milimita moja, Access inachukua kilichozidi na kukipeleka kwenye karatasi nyingine. Kilichozidi mara nyingi ni eneo jeupe lisilo na kitu, basi unapata karatasi nyeupe.

Sasa kwa nini kwako iwe sawa na ofisini iharibike? Nina wasiwasi na Letter, saizi ya karatasi ya Kimarekani. Laptop nyingi zinazouzwa huku, hasa zile za mtumba, zinakuja na mipangilio ya Marekani, na draiva ya printa inachagua karatasi ya Letter bila kukuuliza. Letter ina upana wa sentimita 21.59 na urefu wa 27.94. A4, ambayo ndiyo karatasi unayoipata steshenari yoyote kuanzia Mnara wa Saa mpaka Kilombero, ina 21 kwa 29.7. Ukiweka pambizo za inchi moja kila upande, yaani 2.54, Letter inakuachia sentimita 16.51 za kuandikia. A4 inakuachia 15.92. Kwa hiyo ripoti ya inchi 6.5, upana unaopendwa sana na watu wanaofuata mafunzo ya YouTube, inaingia kwenye Letter kama ilivyopimwa, na kwenye A4 inazidi kwa karibu milimita sita. Milimita sita hizo ndizo zinazokula rimu zenu.

Fungua ripoti kwenye Design View (mwonekano wa kuirekebisha), nenda Page Setup, chagua A4 kwanza. Halafu punguza pambizo ziwe kama sentimita 1.5 kila upande, utabaki na 18 za kufanyia kazi. Kisha bofya kile kisanduku kidogo cha kona ya juu kushoto pale rula mbili zinapokutana, ufungue Property Sheet (orodha ya sifa za ripoti), usome Width, yaani upana. Iwe 17.9 au chini yake. Ukiona pembetatu ya kijani pale kwenye kona, Access yenyewe inakuambia upana umezidi.

Inawezekana ukavuta ukingo wa kulia ukagoma kurudi. Kuna kitu kimejificha huko. Mara nyingi ni mstari wa mapambo uliochorwa chini ya vichwa vya safu, au lebo tupu, au kisanduku cha namba ya ukurasa kilichosukumwa kulia kabisa. Bofya kwenye rula ya juu upande wa kulia na uburute, kila kilicho kwenye eneo hilo kitachaguliwa, hata usichokiona kwa macho. Kivute ndani au kifute, ukingo utakubali.

Jina kubaki chini ya ukurasa ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo naona watu wengi wanahangaika kwa kuongeza nafasi tupu au kubandika Page Break (mkato wa ukurasa) kila mahali. Usifanye hivyo. Mwezi ujao mwanachama mmoja ataweka akiba mara tatu badala ya moja na mpango wote utavurugika. Iambie ripoti kundi ni nani, kisha iache ikate yenyewe.

Fungua Group, Sort and Total na upange kwa namba ya uanachama. Nasisitiza namba, siyo jina. Huku kwetu akina Mushi, Massawe na Lyimo ni wengi, na majina ya ubatizo ni yale yale. Ukipanga kwa jina, watu wawili wataunganishwa kwenye taarifa moja na mmoja wao ataondoka mkutanoni akijua akiba ya mwenzake. Jina liweke ndani ya kijajuu cha kundi (Group Header, sehemu inayochapwa juu ya kila kundi), lakini kinachotenganisha kiwe namba.

Kwa taarifa ambayo kila mwanachama anapewa karatasi yake, bofya kijajuu cha kundi, tafuta Force New Page, weka Before Section. Hapo hapo weka Repeat Section iwe Yes, ili mwenye miamala mingi jina lake na vichwa vya safu virudi kwenye ukurasa wa pili. Hizo mbili zinamaliza sehemu kubwa ya kilio chako.

Kwa orodha ya kawaida, mfano wanachama wote kwa tawi, usitumie Force New Page, utapoteza karatasi bure. Huko tumia Keep Together ya kundi. Ina chaguo la kuweka kundi zima pamoja, na lingine la kuweka kijajuu pamoja na mstari wa kwanza. La pili ndilo ninalolipenda: kichwa hakibaki yatima chini ya ukurasa, na kundi refu linaendelea kumwagika kwenye ukurasa unaofuata. La kuweka kundi zima lina kasoro yake: kundi likishindwa kuenea kwenye nafasi iliyobaki linarukia ukurasa mpya na kuacha nusu karatasi nyeupe, na likiwa refu kuliko ukurasa litakatika tu hata hivyo.

Kuna mtego mmoja ambao watu wa SACCOS wanapaswa kuuogopa. Kijachini cha ripoti (Report Footer), pale unapoweka jumla kuu ya chama, kinachapwa mara tu baada ya kundi la mwisho. Nafasi ikiwepo, kitakaa kwenye karatasi ya mwanachama wa mwisho. Yaani mwanachama wa namba ya mwisho anapewa taarifa yake ikiwa na jumla ya akiba ya chama kizima chini. Ama uifunge sehemu hiyo kabisa, urefu sifuri, ama nayo uiwekee Force New Page kabla yake. Kijajuu cha ripoti nacho, kikiwa na urefu wowote, kitakaa peke yake kwenye karatasi ya kwanza kwa sababu kundi limeamrishwa kuanza ukurasa mpya.

Ukitaka kila mwanachama aanze na ukurasa wa 1, kwenye tukio la Format la kijajuu cha kundi, yaani msimbo unaoendeshwa Access inapokipanga kwenye ukurasa, andika Me.Page = 1, na namba ya ukurasa iweke chini, kwenye kijachini cha ukurasa. Ukiiweka juu itakupa namba ya zamani, maana kijajuu cha ukurasa kinapangwa kabla ya kundi jipya kufikiwa.

Sasa jumla zisizooana. Hili ndilo ningelipa uzito zaidi kama ningekuwa wewe, kwa sababu karatasi tupu inakera tu, lakini jumla ya uongo inaamsha kamati ya usimamizi. Umesema jumla inakosewa kwa baadhi ya wanachama. Hebu angalia kama ni wale ambao taarifa zao zimevuka ukurasa mmoja. Kama ndivyo, nina hakika aliyetengeneza ripoti hiyo aliandika msimbo unaojumlisha ndani ya tukio la Format la Detail (sehemu ya mistari ya miamala), kitu kama jumla = jumla + Me.Kiasi.

Linalotokea ni hili. Access inaupanga mstari, inakuta chini ya ukurasa hautoshi, inarudi nyuma, inaupanga tena kwenye ukurasa mpya. Kila mara inapoupanga, msimbo wako unajumlisha. Shilingi 50,000 zinahesabiwa 100,000. Na kama kwenye kijachini umeweka “ukurasa wa 1 kati ya 3”, Access inalazimika kuipitia ripoti nzima mara ya kwanza ili ijue kurasa ziko ngapi, kisha mara ya pili kuichapa. Ukitoka kwenye Print Preview na kubofya kuchapa, inapitia upya tena. Ndiyo maana mtu anaona namba sahihi kwenye skrini, kisha karatasi inatoka na nyingine, anaanza kuilaumu printa.

Nilikuta kitu hicho hicho kwenye chama kimoja cha msingi, kwenye malipo ya wakulima wa kahawa. Katibu alikuwa anakokotoa upya kwa kikokotoo kila karatasi ya mtu mwenye stakabadhi nyingi. Dawa ni kufuta msimbo wote. Kwenye kijachini cha kundi weka kisanduku chenye =Sum([Kiasi]), na kama unahitaji salio linalosogea mstari kwa mstari, weka kisanduku kwenye Detail na Running Sum iwe Over Group. Hizo Access inazihesabu yenyewe na haizirudii hata ikirudi nyuma mara ngapi.

Running Sum inasaidia pia kama ni lazima uwe na idadi maalumu ya mistari kwa ukurasa, kama zile fomu zinazodaiwa kuwa na mistari 25. Weka kisanduku kilichofichwa kwenye Detail, ukiite NambaMstari, chanzo chake kiwe =1, Running Sum Over Group. Weka Page Break chini kabisa ya Detail, uiite KataUkurasa. Kwenye Format ya Detail andika:

Me.KataUkurasa.Visible = (Me.NambaMstari Mod 25 = 0)

Ila kumbuka kuifungua kwa Print Preview. Ile Report View ya kawaida haina kurasa na matukio ya Format hayaendeshwi kabisa humo, kwa hiyo utadhani msimbo umekufa. Na kitufe cha kufungulia ripoti kwenye fomu kiandikwe DoCmd.OpenReport na acViewPreview mwishoni. Ukiacha hicho cha mwisho, Access inachapa moja kwa moja bila kuuliza. Karani anabofya aone tu, printa inaanza kutema wanachama wote.

Ripoti ndogo iliyowekwa ndani ya ripoti kubwa, mfano mikopo chini ya akiba, haichapi vijajuu vyake vya ukurasa. Ipe kundi la bandia lenye =1, vichwa vya safu viweke kwenye kijajuu cha kundi hilo, na Repeat Section iwe Yes.

Imebaki printa. Ripoti inaweza kuwa imeshikilia printa maalumu ndani yake. Kwenye Page Setup hakikisha imechaguliwa Default Printer. Tumia fonti ambayo kompyuta zote mbili zinayo. Kama kompyuta ya ofisini haina Calibri na wewe umeitumia, kompyuta ile itaweka fonti nyingine, visanduku vyenye Can Grow (ruhusa ya kurefuka maandishi yakizidi) vinaweza kurefuka, na mkato wa kurasa utahama.

Kama mnatumia dot matrix (printa za kugonga utepe wa wino), zile za Epson LX-350 zilizopo kwenye maghala mengi ya kahawa huku, karatasi ya mfululizo mara nyingi ina urefu wa inchi 11. Draiva ikidhani ni A4, kila ukurasa unateleza kwa sentimita 1.76, na ukifika karatasi ya nne au ya tano jina limeshuka sentimita tano hadi saba chini ya mahali pake, na mistari ya mwisho inavuka matundu ya kuchania. Nenda Print Server Properties ya Windows, tengeneza fomu mpya yenye vipimo vya karatasi yako, uichague kwenye draiva, halafu ndiyo urudi Access.

Kabla ya kuchapa lolote toa PDF. PDF ikiwa sawa na karatasi ikiwa mbaya, acha kugusa ripoti. Tatizo liko kwenye printa au kwenye dirisha la kuchapa ambalo limewekwa Fit badala ya Actual size. Hata kama unapeleka kwenye flashi steshenari, peleka PDF, siyo faili la kanzidata. Jaribu kwa wanachama watatu: mwenye muamala mmoja, mwenye kurasa mbili, na yule ambaye mistari yake inajaza ukurasa mmoja barabara bila kubaki nafasi. Huyo wa tatu ndiye anayefichua makosa.

Ukishindwa, niandikie hapa Width ya ripoti, pambizo za kushoto na kulia, karatasi iliyochaguliwa, na msimbo wote ulio kwenye Format ya Detail. Majina na akiba za watu usiweke.