SWALI: Nikistaafu nikaachana na mbio za dunia, nitakuwa mvivu mbele ya Allah?

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mtumishi wa serikali nina miaka 58, nilihamia Dodoma na wizara kutoka Dar nikajenga huku huku Nzuguni. Bado miaka 2 nistaafu kwa lazima. Nimechoka na hizi mbio, nataka nikipata mafao yangu nitulie, niswali, nihudumie kashamba kangu ka zabibu kule Hombolo, basi. Mke wangu na watoto wanataka nijenge gesti na ninunue bajaji, halafu kuna watu mtaani wananishawishi nigombee udiwani. Nikikataa yote ni uvivu? Na nitajuaje kama nimeachana na tamaa kweli au nimechoka tu?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mzee wangu, hilo la mwisho ndo swali lenyewe, ya gesti na bajaji ni madogo tutayafikia.

Mtume (s.a.w) amesema, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba moyo wa mzee hauachi kuwa kijana katika mambo mawili, kuipenda dunia na kuwa na matumaini marefu. Sasa iangalie hiyo vizuri. Mwili unachoka, mwajiri anakuandikia barua ina tarehe na muhuri, lakini moyo haujapewa barua yoyote. Kaa barazani msikiti wowote hapa mjini baada ya alasiri usikilize, tangu 2016 serikali ilipotangaza inahamia huku wazee wetu wanaongea viwanja tu, mara Iyumbu, mara Mtumba, nani aliuza mapema akajuta, nani alishika akatajirika, na wengine wameshastaafu zamani na nyumba wanazo lakini macho bado yanakimbia. Hao mbona hawajachoka?

Kwahiyo usidhani miaka 60 itakutoa kwenye tamaa. Na pesa wala sio mtihani mkubwa kwa mtu wa ofisini, mimi nimekaa na wastaafu wengi na ninachokiona kinawatesa ni cheo. Simu iliyokuwa hailali inanyamaza, hakuna anayesimama ukiingia, ile "shikamoo mkuu" imeenda na mwenye kiti kipya, hapo ndipo mtu anakumbuka udiwani. Kama unautaka kwa sababu una jambo la kuwafanyia watu wa kata yako, tuongee. Kama unautaka kwa sababu umemiss kuitwa mheshimiwa, hicho ni kiu kile kile kimebadilisha glasi.

Nikupe mfano wa mtu aliyestaafu kweli. Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, wanafunzi mamia, viongozi wanamheshimu, na mwaka 1095 akiwa na miaka kama 37 tu akaacha kila kitu. Anasimulia mwenyewe alijichunguza akaona nia yake ya kufundisha imeingiwa na kutafuta jina, akavutana na nafsi yake miezi, leo anaondoka kesho anabaki, mpaka ulimi ukagoma darasani na chakula hakipiti. Akaenda Sham, pande za Syria ya leo, akafika Baytul Maqdis, akahiji. Lakini kabla hajaondoka aligawa mali yake akaacha kiasi cha kuwatosha watoto, hapo watu wengi wanapita haraka. Halafu mwaka 1106 akarudi kufundisha, Nishapur safari hii. Kazi ni ile ile! Akasema zamani nilikuwa nafundisha elimu inayoleta jaha, yaani cheo na jina, sasa naita watu kwenye elimu inayofanya mtu aiache jaha. Maana yake kazi haikuwa na kosa lolote, na yeye hakusubiri mafao.

Ndo maana nakwambia hiyo miaka miwili uliyobakiwa nayo ofisini ni mali. Anza leo. Safari ambayo haina kazi ila ina posho, iache uone moyo unasemaje. Mwenzako akipandishwa cheo, muombee dua kwa jina lake ukiwa umesujudu, uone kama inatoka laini. Ikitoka kwa shida basi umejijua, na hilo ndo jibu la swali lako kuliko maelezo yangu.

Kuhusu uvivu, Allah anasema kwenye Suratu Sharh, ukipata faragha basi fanya juhudi na umuelekee Mola wako. Faragha imetajwa na juhudi imefuatia hapo hapo, haikusemwa lala. Shamba ni juhudi, kusomesha watoto wa madrasa hapo mtaani kwako ni juhudi, kupatanisha ndugu waliogombania mirathi ni juhudi kubwa kabisa na wewe mtu wa mafaili unaijua hiyo kazi.

Mafao sasa. Kudai haki yako mpaka shilingi ya mwisho sio tamaa, watu wanachanganya. Mkupuo, ile sehemu ya mafao unayolipwa mara moja, ulipandishwa 2024 kutoka asilimia 33 kwenda 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50, inayobaki inakuja kama pensheni ya kila mwezi, kaa na mke wako mpige hesabu ya pensheni hiyo na matumizi ya nyumbani. Ikitosha, mwambie kwa upole hutaki gesti. Isipotosha una wanaokutegemea na haki yao iko juu ya mapumziko yako, Mtume (s.a.w) alimwambia sahaba wake Saad bin Abi Waqqas kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Mkopo wa riba wa kununulia bajaji usiuguse. Na mkeo akitaka biashara kwa hela yake mwenyewe ni mali yake, msaidie.

La zabibu umelitaja kwa wepesi lakini ndo nililoliogopa zaidi, maana wewe unaliona kama sehemu ya kupumzikia. Zabibu nyingi za Dodoma zinaishia viwandani kwa mvinyo, na msimu ukifika mnunuzi anakuja anataka tani na anabeba zote siku moja. Kwa madhehebu yetu ya Shafii ukijua anakwenda kutengeneza pombe, au dhana yako ikiwa na nguvu, ni haramu kumuuzia, ukiwa na shaka tu ni makuruhu. Kwahiyo kabla hujaongeza miche nenda kituo cha utafiti Makutupora uulizie aina za kula, hizo utauza kilo kilo Majengo na pale soko la Ndugai karibu na kwako, pole pole, nyingine ukaushe. Zaka yake ni moja ya kumi kwa za mvua, nusu ya hapo kama unamwagilia kwa gharama, zikifika wasaki 5 zikiwa kavu, ni kama kilo 650 hivi. Ukikaribia kuvuna nitafute tuhesabu pamoja.

Wallahu a'lam.