Unga si bugali, na saruji si zege

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa ujenzi hapa Goma. Tunasaga makoro, yale mawe ya volkano, na kutia unga wake mahali pa sehemu ya simenti. Je, tuuite "saruji mbadala"? Katika ripoti tumeandika: "Tulipunguza saruji kwa asilimia 20, kisha tukaivunja saruji baada ya siku 28."

JIBU: Msiuite hivyo. Mbadala hushika nafasi yote ya kitu, ilhali unga wa makoro haugandi peke yake, bali hungoja chokaa inayozalika simenti inapokutana na maji. Uiteni kijalizo cha saruji, au pozolana, jina lililotokana na mji wa Pozzuoli, karibu na Napoli, nchini Italia.

Kinachoniudhi ni hiyo sentensi ya ripoti, nami huikuta kila mahali. Saruji ya kwanza ni unga wa mfukoni. Ya pili ni zege, yaani mchemraba mgumu wa simenti, mchanga, kokoto na maji, uliobanwa na mashine mpaka ukapasuka ili kupima nguvu yake. Nani hapa kwetu hunawa mikono baada ya kula bugali akasema ameshiba unga? Tena asilimia 20 ya nini? Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Ikiwa simenti iliyomo ni kilo 350, asilimia 20 ya simenti ni kilo 70, lakini asilimia 20 ya zege ni kilo 480, yaani zaidi ya simenti yote iliyomo! Msomaji atakayeelewa "saruji" kuwa ni zege atamaliza simenti yote, na bado atakuwa anadaiwa kilo 130.

Neno saruji lina asili ya Kiajemi, na halina kosa lolote. Mafundi wetu, ambao wasomi hupenda kuwasahihisha, husema "simenti" na "beto" (yaani zege), wala hawavichanganyi hata siku moja. Mimi hupendelea zege, lakini afadhali beto ya Kifaransa inayotenganisha vitu kuliko saruji inayovimeza vyote.

Andikeni: "Tulitia unga wa makoro mahali pa asilimia 20 ya saruji, kisha tukavunja zege la siku 28." Na wekeni michemraba mingine ya kuvunjwa siku ya 90, maana zege lenye pozolana hukawia kukomaa.