Namtaja anayeingia mwisho

Mhariri, wiki hii mmeuliza: katika michezo yote, nani ana kazi ngumu kuliko wengine? Najua wengi watataja makipa na mabondia. Mimi namtaja mrushaji wa kumalizia katika besiboli, na mkitaka jina, ni Mariano Rivera wa Panama.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, mrushaji humrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, naye hujaribu kuugonga kwa gongo; mechi ina awamu 9. Mrushaji aliyeanza akichoka, huingizwa wengine wa akiba, na yule wa mwisho huitwa timu ikiwa mbele kwa pointi moja, mbili au tatu tu. Akifaulu, watu husema ndiyo kazi yake. Akikosea, jasho la wenzake wote limemwagika bure. Ni kama kipa anayeingizwa kwa ajili ya penalti peke yake, ila huyu huenda akaitwa tena kesho na keshokutwa, maana msimu wa Marekani una mechi 162 kwa kila timu.

Rivera alikulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi, na kabla ya besiboli alifanya kazi kwenye boti pamoja na baba yake. New York Yankees walimsajili 1990, na kuanzia 1997 akawa ndiye wa kufunga mechi. Silaha yake kubwa ilikuwa moja: mpira unakuja kwa kasi, umenyooka, kisha ukishafika karibu kabisa unachepuka inchi chache. Mpigaji wa mkono wa kushoto hujikuta ameugonga kwa shingo ya gongo, pale palipo pembamba, na gongo linapasuka mikononi mwake. Walijua unakuja mpira ule ule, na bado uliwashinda. Mwaka 2013, alipokuwa anaaga, wapinzani wake Minnesota Twins walimzawadia kiti cha kubembea kilichoundwa kwa magongo yaliyovunjika.

Alilinda ushindi mara 652, rekodi ambayo bado ni yake. Lakini mimi ninamheshimu zaidi kwa usiku wa 4 Novemba 2001, Arizona, mechi ya 7 ya fainali, ya kuamua bingwa, dhidi ya wenyeji. Yankees wanaongoza 2–1, awamu ya 9, mpira uko mkononi mwake. Anaokota mpira mfupi, anaurusha kituo cha pili, kimojawapo cha vituo ambavyo wapigaji hukimbilia ili wapate pointi, unapotea. Tony Womack wa Arizona anasawazisha. Mwenzake Luis Gonzalez anaugonga bila nguvu, unapaa kidogo na kudondoka nyuma ya Derek Jeter wa Yankees, na Arizona wanapata pointi ya ushindi. Kombe limekwenda.

Enrique Wilson, mchezaji mwenzake Rivera, alikuwa amepanga kurudi kwao Jamhuri ya Dominika baada ya sherehe za ubingwa. Kwa kuwa sherehe hazikuwepo, akasafiri mapema. Ile ndege aliyokuwa aipande ilianguka New York tarehe 12 Novemba, wakafa wote 260 waliokuwamo. Rivera akasema anafurahi kwamba walishindwa, kwa sababu bado anaye rafiki yake. Mtu aliyebeba lawama ya fainali nzima kusema hivyo, tena kwa dhati, kwangu ni ukubwa wa ajabu.

Na kazini akarudi. Mwaka 2004 timu ya Boston ilimnyang'anya ushindi tena, akarudi tena. Zaidi ya 400 kati ya zile 652 alizipata baada ya Arizona. Tarehe 4 Novemba 2009, akiwa na miaka 39, ndiye aliyefunga mechi iliyowapa Yankees ubingwa.