Longonot au Hell's Gate na watoto?

Dada, umeuliza kama wa miaka 9 na 12 wataiweza Longonot, ule mlima wa volkano karibu na Naivasha, Kenya, au uwapeleke hifadhi ya Hell's Gate iliyo jirani. Anza na Hell's Gate. Kodisheni baiskeli karibu na geti la Elsa, mpite kati ya pundamilia hadi Mnara wa Fischer, ile nguzo ya mwamba. Pale chini pimbi huota jua kama wenye nyumba. Ndizi zifiche, nyani hawaombi. Mawingu yakitanda, hata kwa mbali, msishuke kwenye korongo la hifadhi hiyo: mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu humo.

Longonot ni mwinuko mkali, vumbi linateleza, na kuzunguka ukingo wa kreta, lile shimo la kileleni, ni kilomita 7.2 zaidi. Yule mdogo utambeba mgongoni, nakwambia.