Ufunguo wa akiba usikae ndani ya trela

Pole sana kaka. Kulala nje kule Magadi, ufunguo uko ndani ya trela yako ya kulala, mlango umejifunga, na fundi yuko Nairobi! Umeuliza akiba uifiche wapi.

Kwanza kabisa, shingoni mwa mwenzako. Kila mmoja abebe seti kamili: gari, mlango wa trela, na ile kufuli ya pale trela inaposhikana na gari, ambayo wengi huisahau. Mimi niliwahi kuikata yangu kwa msumeno wa chuma, jua la saa nane, huku nikijilaani.

Visanduku vya sumaku vya kufichia ufunguo chini ya gari sivipendi. Barabara ya vumbi yenye matuta huvidondosha, na kwenye alumini sumaku haishiki hata kidogo. Ufunge ufunguo kwa waya mgumu juu ya chesisi, ile fremu ya chuma chini ya gari, ukiwa umeviringishwa kwenye kipande cha tyubu ya baiskeli. Jaribu kuufikia gizani kabla hujaondoka nyumbani.

Gari lako likiwa na ufunguo wenye chipu, nakala ya bei rahisi isiyo na chipu itafungua mlango tu, injini haitawaka. Hiyo ndiyo ya kuficha nje: mwizi akiipata hiyo pekee hasogezi gari, nawe ukiwa umefungia ufunguo halisi ndani, unaingia na kuuchukua. Ila ule wa kielektroniki, unaofungua mlango ukiwa mfukoni, usiufiche kwenye gari. Gari litaunusa, na milango inaweza kumfungukia yeyote.

Na ukienda kuogelea, ufunguo huo wa kielektroniki uache kambini. Maji yanaweza kuuharibu.