Mzee anasubiri kutolewa kibofu na anazidi kukonda: jibu langu

Pole sana mkuu. Umeuliza kama ni sawa mzee wako anayesubiri kutolewa kibofu kunyweshwa juisi ya bitiruti na mboga za majani tu, kwa sababu ndugu wanasema nyama, maziwa na sukari "vinalisha kansa". Sisi tulimfanyia baba hivyohivyo, na nusura tumpoteze.

Kwetu Kwimba. Mzee alikua akioga malamboni na kupanda mpunga majarubani, na enzi zao mtoto wa kiume kukojoa damu hakukumshtua mtu. Kichocho cha mkojo kikikaa miaka bila tiba ni moja ya njia za kufikia saratani ya kibofu, tusidhani ni sigara peke yake. Uzeeni damu ikarudi, haiumi, akaipuuza. Alipofikishwa hospitali uvimbe ulikuwa umeshaingia kwenye msuli wa kibofu.

Akapangiwa upasuaji. Dada akaja na orodha ya WhatsApp: hakuna nyama, mayai wala maziwa. Wiki tano! Suruali ikawa inafungwa kwa kamba, na sisi tunasema ni ugonjwa. Hakuna aliyempima uzito, nyumbani wala kliniki. Siku ya kulazwa mzani ukasoma kilo 56. Kadi yake ya presha ya miezi minne nyuma ilisema 66. Albumini, yaani protini ya kwenye damu, ilikuwa 27, wakati kawaida huanzia 35. Daktari wa usingizi akagoma. Nilimchukia siku ile.

Elewa upasuaji wenyewe. Mwanaume hutolewa kibofu pamoja na tezi dume, kisha hukatwa kipande cha utumbo mwembamba kutengenezewa njia ya mkojo. Utumbo unaungwa upya, na mshono huo hushikwa na protini. Asiye na akiba, mwili wake hula misuli yake mwenyewe. Ndiyo maana waliokonda hupata maambukizi zaidi, vidonda hugoma kufunga, na hufariki zaidi katika miezi ya mwanzo kuliko walioingia na nguvu. Lakini albumini hushushwa pia na ugonjwa wenyewe, kwa hiyo usitegemee trei moja ya mayai iipandishe.

Tulipewa wiki tatu. Zaidi ya hapo daktari hakutaka, maana uvimbe nao hausubiri. Mtaalamu wa lishe akatupa hesabu: protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani kwa mzee kama gramu 70. Yai moja lina 6 hivi, glasi ya maziwa 8. Hamu ya kula hakuwa nayo, sahani ya ugali ilimchosha kwa kuitazama tu. Kilichotuokoa ni kidogokidogo, mara sita kwa siku: uji uliopikwa kwa maziwa na karanga za kusaga, mtindi, dagaa waliotwangwa ndani ya maharage, yai jioni. Na kutembea hadi kisimani na kurudi, kwa sababu msuli usiotumika haujengeki. Uliza kwanza majibu ya figo na sukari, kwani uvimbe ukiziba mirija ya mkojo figo huumia na hesabu ya mlo hubadilika.

Aliongeza kilo 2 tu. Nilikata tamaa, daktari akasema inatosha kwamba ameacha kushuka.

Jambo jingine: muulizeni daktari wa usingizi saa za kufunga. Miongozo ya sasa kwa wengi ni saa 6 kwa chakula na 2 kwa maji, si kulala na njaa tangu jana halafu zamu yako ifike alasiri.

Baada ya upasuaji tumbo lilisusa siku nne, akapewa bigijii atafune kuamsha utumbo. Kidonda kilichimbika kidogo upande wa chini, kikafunga. Mfuko wa mkojo anaubadilisha mwenyewe siku hizi, na dada ndiye anayemletea mayai.

Mzee wako ana kilo ngapi leo, na mwezi wa jana alikuwa na ngapi?