Ijue Caravan kwanza

Nyumba ninayopanga iko upande wa Kisongo, si mbali na uwanja wa ndege wa Arusha. Sisemi KIA, ule mkubwa wa kimataifa wa Kilimanjaro, nasema huu mdogo wa hapa mjini, unaorusha watalii kwenda Manyara na Seronera. Mwaka wa kwanza zile kelele zilinikera. Wa pili nikaanza kuinua kichwa. Siku hizi hata nikiwa nafua, nikisikia mngurumo naacha nguo kwenye beseni natoka uani, na jirani ananiuliza juu ya ua: "Leo ni ipi, Baba Neema?"

Kujifunza kutambua ndege nilianza vibaya, kwa kukariri rangi. Nilikuwa na daftari naandika "nyeupe, mstari wa bluu." Baada ya mwezi limejaa nyeupe zenye mistari ya bluu na sijui ndege hata moja. Rangi ni ya kampuni. Ndege ikiuzwa inapakwa nyingine. Kwa hiyo achana na rangi, chagua ndege moja inayopita kwenu kila siku, ijue mpaka uichoke, halafu nyingine zote uzijue kwa namna zinavyotofautiana nayo.

Kwa hapa kwetu ndege hiyo ni Cessna Caravan, daladala ya mbugani. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1982 na umbo lake ni lilelile. Bawa limelala juu ya paa, na kila upande kuna mhimili unaotoka ubavuni kulishikilia. Injini ni moja, puani. Magurudumu hayakunjwi, yananing'inia muda wote kama miguu ya kuku aliyeshikwa mabawa. Nyingi zina boksi la mizigo chini ya tumbo, hivyo ukiitazama kwa ubavu unaona kama ina mimba. Bomba la moshi ni moja tu, nene, upande wa kulia chini ya pua, na ndege iliyofanya kazi sana utaona masizi yamechora ubavu huo.

Ukishaijua hiyo, mambo yanakuwa mepesi. Injini moja puani, lakini bawa liko chini, magurudumu yamekunjwa na mkia una umbo la herufi T? Hiyo ni Pilatus PC-12 ya Uswisi, aina ambayo madaktari wa AMREF wa Nairobi huitumia kubeba wagonjwa. Bawa juu na magurudumu nje kama Caravan, ila injini ni mbili? Yaelekea ni Twin Otter ya Kanada, mzee wa mwaka 1965 asiyehitaji njia ndefu ya kurukia.

Masikio nayo yafanye kazi. Caravan ina mluzi mwembamba juu ya mngurumo, kwa sababu ndani ya ile pua kuna injini ya jamii ya jeti inayozungusha pangaboi. (Waliozibeza ndege za Bombardier za ATCL, shirika letu la ndege, mwaka 2016 kuwa ni "pangaboi" tu hawakulijua hilo.) Cessna ndogo za pistoni, kama 206, hazina mluzi. Zinakoroma kama pikipiki kubwa inayopanda mlima. Programu za simu za kufuatilia ndege zipo, lakini taja jina kwanza ndipo ufungue simu. Na usishangae ukikuta skrini tupu wakati ndege iko juu ya kichwa chako, ndege ndogo nyingi hazionekani humo.

Ndege moja tu naisamehe kwa rangi: Dornier Do 27 ya Bernhard Grzimek, Mjerumani mtaalamu wa wanyama, na mwanawe Michael, iliyopakwa mistari ya pundamilia wakati wakihesabu wanyama Serengeti. Bawa lake lilikuwa juu bila mhimili wowote. Januari 1959 iligongana na tai ikaanguka, Michael akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake naye yuko hapo. Tangu nisome habari hiyo, nikiona tai wanazunguka juu mchana wa jua kali na Caravan inapanda, siingii ndani mpaka ipite.

Jambo moja la kuangalia: kamera. Niliwahi kusimama karibu na uzio wa uwanja mmoja, siutaji, nikaelekeza lenzi ndani, na askari akanikalisha saa nzima nikieleza mstari wa bluu ni nini. Darubini ukiwa nyumbani kwako inatosha.

Juzi jioni nilikuwa nimeinamia beseni, nikasikia mluzi, nikasema bila kuinua macho, "Caravan." Jirani akacheka kutoka ng'ambo ya ua: "Inuka wewe. Hiyo imekunja miguu."